Okidi ya vito sebuleni: mwongozo wa kutunza Ludisia kuanzia kipande cha shina

Ukitaja okidi, wengi hufikiria ua: lile jeupe au la waridi linalokaa mezani miezi miwili, likapukutika, mmea ukabaki na majani matatu yasiyo na mvuto mpaka siku unapotupwa. Okidi ninayotaka kukuonyesha ni kinyume chake. Ua lake ni dogo tu. Kinachomfanya mgeni ainuke kitini akaitazame ni jani.

Jani la Ludisia discolor lina rangi ya bilinganya iliyoiva na ulaini wa mahameli. Juu yake mishipa myembamba inakimbia kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye ncha, kama mtu kapitisha nyuzi za shaba kwa sindano. Usiku zima taa, washa tochi ya simu, uielekeze kwa pembeni: utaona chembe ndogo ndogo zinameremeta ndani ya jani lenyewe. Ndiyo maana okidi za kundi hili zinaitwa okidi za vito. Geuza jani, upande wa chini ni mwekundu wa damu ya mzee. Mimea mingi inayoishi gizani chini ya miti ina upande wa chini wa namna hiyo.

Ninaishi ghorofani Dar es Salaam, na nina Ludisia kwa mwaka wa sita sasa. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyafanya kwa mikono yangu, kwa vitu vinavyopatikana kwetu.

Kwanza ifahamu kwao

Ludisia inatoka kwenye misitu ya kusini mwa China, Assam ya India, Myanmar, Thailand na Vietnam, ikishuka hadi Malaysia, Indonesia na Ufilipino. Haishiki juu ya miti kama okidi nyingi za nchi za joto. Inatambaa chini, kwenye majani makavu yaliyoanguka na juu ya miamba yenye kuvumwani.

Kama umewahi kutembea msitu wa Amani kule Usambara, unalijua lile zulia la majani linalobonyea chini ya mguu. Lifukue kwa kidole. Juu ni makavu. Chini kidogo kuna ubaridi na unyevu, lakini huoni tope. Hewa inapita kila mahali. Hali hiyo ndiyo unayotaka kuijenga ndani ya chungu. Kila ukipata shaka katika hatua zinazofuata, rudi kwenye zulia hilo, utapata jibu.

Kupata mmea

Njia nzuri ni kupewa kipande cha shina na mtu anayeufuga. Mimi nilipewa na jirani, kipande cha urefu wa kidole, na mimea yote niliyo nayo leo imetoka hapo. Ukinunua, bonyeza shina taratibu kati ya vidole viwili. Shina zima ni nono, lina maji na ni gumu, hukatika kwa mlio kama bua la mchicha mnene. Likibonyea, au ukiona weusi pale linapogusana na udongo, liache hata kama majani yanapendeza. Majani ya mmea huu hukawia kuonyesha ugonjwa, na shina likishaoza chini yanaweza kuendelea kung'aa wiki mbili nzima.

Ukitaka kuagiza kutoka nje ya nchi, fahamu kwamba okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Nyingi zimo katika Kiambatisho cha II, maana yake zinauzwa kwa kibali. Utahitaji pia cheti cha afya ya mimea. Waulize wasimamizi wa afya ya mimea, kwa Tanzania TPHPA, kwa Kenya KEPHIS, kabla hujalipa hata senti. Na usichimbe okidi porini, ya kwetu wala ya kwao. Nyanda za Juu Kusini tumeshaona okidi zinavyochimbwa kwa magunia, viazi vyake vikapelekwa Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Hifadhi ya Kitulo iliyotangazwa 2005 imebeba sehemu ya kazi ya kuzilinda zilizobaki.

Pa kuiweka

Hapa ndipo Ludisia inapowafaa watu wa ghorofa. Ile kona uliyojaribu mawaridi yakakataa, pembeni ya kabati la vitabu, mita moja au mbili kutoka dirishani, inaitosha. Kipimo changu ni gazeti: kama mchana unalisoma pale bila kuwasha taa, mmea utaishi. Ofisini inaweza kukua kwa mwanga wa taa peke yake zikiwaka saa 10 hadi 12 kwa siku.

Jua la moja kwa moja usilipe nafasi, isipokuwa lile la asubuhi sana kabla ya saa mbili. Jani likipigwa na jua hupauka kwanza, zambarau ikageuka kuwa wekundu wa matofali, halafu hutoka doa kavu ambalo halipoi tena.

Kwa walio Dar, Tanga, Mombasa na Unguja kuna jambo la kuangalia. Dirisha la kusini ni salama sehemu kubwa ya mwaka kwa sababu jua linapita upande wa kaskazini. Lakini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua linahamia kusini, na mmea uliokaa kivulini miezi saba unajikuta unapigwa ubavuni asubuhi na jioni. Mwaka wa pili nilipoteza majani manne mazuri kwa njia hiyo, chungu hakikusogezwa hata inchi moja. Sasa upepo wa kaskazi ukianza tu, navuta chungu ndani hatua mbili.

Joto la nyuzi 18 hadi 28 ndilo linaloifaa zaidi. Inavumilia joto letu la Februari ikiwa kivulini na hewa haijasimama. Baridi ndiyo adui: chini ya nyuzi 13 hivi huanza kudhoofika, kwa hiyo aliye Nairobi, Arusha au Njombe asiiache kwenye kioo cha dirisha usiku wa Juni na Julai. Isikae pia mbele ya kiyoyozi. Upepo ule mkavu huikausha ncha za majani na kuyakunja.

Udongo, ambao kwa kweli si udongo

Mmea wangu wa kwanza niliupanda kwenye udongo mweusi wa bustani niliochanganya na samadi, nikawa namwagilia maji ya kisima ya pale nyumbani. Niliamini naupa mema. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, niligusa shina nikitaka kuligeuza lielekee mwangani, likaanguka mkononi. Pale lilipoingia udongoni lilikuwa limegeuka uji wa kahawia. Bahati yangu ncha ilikuwa bado nzima, nikaikata nikaanza upya.

Mizizi ya Ludisia ni minene, ina manyoya laini meupe, na inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Udongo wa kawaida ukilowa hushikana, hewa inatoka, mzizi unakufa. Mchanganyiko ninaoutumia ni huu, kwa kipimo cha kikombe:

Vikombe vitatu vya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, vipande vyenye ukubwa wa punje ya mahindi hadi ukucha wa kidole gumba. Kikombe kimoja cha mkaa uliovunjwa kufikia ukubwa wa harage, ukapepetwa vumbi lote. Kikombe kimoja cha yale mawe mepesi ya kusugulia visigino, yakiwa yamepondwa; Kenya yanapatikana kwa urahisi kutoka upande wa Naivasha, na ukikosa tumia kokoto ndogo zilizooshwa. Mwisho kikombe kimoja cha mboji ya majani iliyochekechwa.

Makumbi ndiyo yanayohitaji subira. Pwani tumezoea kuyafukia kwenye matope ya bahari miezi kadhaa ili usumba ulainike kwa kusokota kamba, na hata yasiyofukiwa mara nyingi yana chumvi yake. Okidi hazipatani na chumvi kabisa. Yaloweke kwenye ndoo usiku kucha, mwaga maji ambayo yatakuwa na rangi ya chai ya rangi, jaza tena. Narudia mara tatu au nne mpaka maji yanatoka karibu meupe. Ukifupisha hatua hii utaona matokeo yake baada ya miezi miwili, ncha za mizizi zikiwa nyeusi kama kijiti cha kiberiti kilichoungua.

Chungu kiwe kipana na kifupi, mfano wa bakuli la kulia wali, chenye matundu chini. Shina hili linatambaa, halichimbi. Kina cha sentimita 8 hadi 10 kinatosha. Chungu kirefu hubaki na maji chini ambako hakuna mzizi wa kuyanywa, na kuoza huanzia huko. Plastiki au udongo wa kufinyanga vyote sawa, ila cha kufinyanga hukauka haraka, hivyo kinamfaa mtu mwenye mkono mwepesi wa kumwagilia.

Ukipanda, tandaza mchanganyiko, laza shina juu yake, kisha zungushia vipande vya makumbi hadi nusu ya unene wa shina. Usilifukie lote. Vile vifundo, yaani pale jani linapoungana na shina, vinavyogusa unyevu vitatoa mizizi vyenyewe. Shina likiyumba, lishikilie kwa kijiti mpaka lijishike.

Maji

Hakuna ratiba ya siku. Anayekwambia mwagilia kila Jumatano hajui dirisha lako wala feni yako. Ingiza kidole hadi pingili ya kwanza: ukihisi unyevu, acha, ukihisi pakavu juu na ubaridi kidogo tu chini, mwagilia. Baada ya mwezi mmoja hutahitaji kidole, utanyanyua chungu na uzito wake utakuambia. Kwangu, wakati wa kaskazi ni kama kila siku ya tatu, na wakati wa masika hupita siku sita au saba.

Mwagilia asubuhi, polepole, mpaka maji yatoke chini. Subiri robo saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Maji yakituama katikati ya majani machanga yafyonze kwa kona ya karatasi laini, hasa siku zisizo na upepo.

Maji gani? Ya mvua ndiyo bora. Yakitoka kwenye bati, acha mvua ya kwanza isafishe vumbi na kinyesi cha ndege, kinga ya pili. Ya bomba yanafaa ukiyaacha kwenye ndoo wazi usiku mmoja klorini ipungue. Ya kisima hapa Dar ni bahati nasibu, visima vingi vina chumvi. Jipimie mwenyewe: weka kijiko kimoja cha maji kwenye sahani nyeusi, acha yakauke juani. Ukiona duara jeupe linalokwaruzika kwa ukucha, maji hayo wape minazi. Ukungu mweupe unaojitokeza nje ya chungu cha kufinyanga ni habari ileile.

Unyevu wa hewa kwa sisi wa pwani si tatizo. Walio bara, kwenye miezi ya ukavu, wanaweza kuweka chungu juu ya sinia lenye kokoto na maji, chungu kikae juu ya kokoto bila kugusa maji. Kunyunyiza majani kila saa sikushauri. Jani la mahameli likilowa mara kwa mara hupata madoa.

Mbolea ni jambo dogo. Chukua ya maji yenye NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu), weka robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kila wiki tatu au nne wakati mmea unatoa majani mapya. Kipupwe kikiingia acha kabisa. Kila baada ya miezi miwili pitisha maji matupu mengi kwenye chungu kuosha mabaki. Wanaoua okidi kwa mbolea nyingi nimewaona wengi, kwa mbolea chache sijamwona hata mmoja.

Ua

Huko kwao Ludisia huchanua majira ya baridi kuelekea machipuko. Wangu hapa umetoa bua mara mbili, zote mwishoni mwa kipupwe. Utaona ncha ya shina inaacha kutoa jani, inarefuka, ina manyoya mafupi, inapanda sentimita 20 hadi 30. Maua ni meupe, madogo, kila moja na kijiti cha njano katikati kilichopinda upande mmoja kana kwamba kimesokotwa. Yanakaa wiki kadhaa.

Wapo wanaolikata bua mara linapojitokeza ili nguvu ibaki kwenye majani. Mimi naona ni haki ya mmea wenye machipukizi matatu au zaidi kuachwa uchanue. Mmea mdogo wa shina moja ndio ninaoukata. Maua yakinyauka kata bua chini kabisa. Shina lililochanua haliendelei kwenye ncha ile, ila usiling'oe, kwani machipukizi mapya yatatoka kwenye vifundo vya chini yake.

Dalili za kuangalia

Jani la chini kabisa kugeuka njano kisha kukauka ni kawaida, hasa moja moja. Majani matatu ya chini kwa wiki moja ni mizizi inayooza: ng'oa, kata mpaka ufike kwenye nyama safi nyeupe au ya kijani, panda upya kwenye mchanganyiko mkavu kidogo. Shina kurefuka huku majani yakiachana mbali mbali ni giza limezidi.

Pamba ndogo nyeupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Zifute kwa pamba ya masikio iliyochovywa kwenye spiriti, rudia kila baada ya siku tano kwa wiki tatu, maana mayai hayafi siku moja. Vidukari hupenda bua la ua, na maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo huwatosha. Utitiri huacha vitone vya kijivu juu ya jani. Huo huja hewa ikiwa kavu. Na kama unaweka vyungu kibarazani, kagua chini yake usiku. Konokono mmoja alimaliza ncha mbili za mmea wangu kabla ya alfajiri.

Ukitaka kwenda mbele: Macodes

Ludisia ikishakuzoea utatamani ndugu zake. Macodes petola, kutoka visiwa vya Kusini-Mashariki ya Asia, ana jani la kijani lenye nyavu za dhahabu zinazowaka kama radi. Wamalay hulitumia neno hilo petola kwa hariri yenye nakshi. Anoectochilus ana jani jeusi la nyuzi za dhahabu au fedha, na aina moja yake Taiwan huuzwa kama chai na dawa. Hawa hawavumilii hewa kavu. Wanataka unyevu wa asilimia 70 na zaidi, kwa hiyo wakuze ndani ya chombo kilichofunikwa. Kopo kubwa angavu la pipi kutoka dukani linafaa kabisa: tandaza mkaa chini vidole viwili, juu yake mchanganyiko uleule, panda, funika, na kila siku fungua kifuniko dakika kumi. Lisiguswe na jua hata kidogo, litageuka jungu la mvuke na mmea utaiva.

Kuongeza na kugawa

Mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina chakula ndani yake, na porini huota kwa msaada wa kuvu maalumu. Nyumbani sahau mbegu. Fanya kama unavyofanya muhogo: pingili.

Chagua shina lenye afya, kata kipande chenye vifundo vitatu au vinne kwa kisu kilichopanguswa na spiriti. Paka unga wa mdalasini kwenye kidonda cha pande zote mbili. Paka kwenye kidonda tu, kwa kuwa mdalasini hukausha na ukigusa mzizi utauharibu. Acha kipande kivulini siku nzima kidonda kifunge. Kisha kilaze juu ya makumbi yenye unyevu, vifundo vikigusa, na kifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko cha juu kikiwa wazi. Kati ya wiki ya nne na ya nane kivute kidogo sana. Kikishikilia, kimeota. Ondoa chupa, na mama yake naye wakati huo atakuwa anachipua pale ulipomkata.

Kipande kinachosafiri kifunge kwenye gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa sana, ukiweke kwenye mfuko wenye matundu, kisha ndani ya boksi la viatu lenye karatasi za kukizuia kisirukeruke. Kibebe mkononi ndani ya basi, kisiende kwenye buti ambako joto la injini na mizigo litakimaliza kabla ya Segera. Siku tatu za njia kinazistahimili. Mpokeaji akifungue siku hiyohiyo, akiache hewani usiku mmoja, ndipo akilaze kwenye makumbi. Jani likivunjika njiani asilichomeke chunguni akisubiri lichipue, kwa sababu bila kifundo halitoi kitu. Aliweke kwenye glasi ya maji pale mezani, kwenye mwanga, atalitazama wiki nzima.